Nyumba Iliyofunikwa na Sinema

Kama kuna neno nililolitumia kuliko yote tangu niingie kidato cha tatu, ni hili: nimechoka. Asubuhi nachoka kwenye mchakamchaka, mchana nachoka kwenye shamba la pamba la shule, jioni nachoka kwenye mkutano wa Vijana wa chama ambako tunaelezwa kwa nini hatupaswi kuchoka. Rafiki yangu anasema mimi nilizaliwa nimechoka, mama yangu akadhani nimelala. Yeye hachoki. Nilikuwaga nashangaa tulipataje kuwa marafiki.

Tunasoma sekondari ya bweni hapa Musoma, na wote wawili tunatoka Bugwema. Kwetu hasa ni Nyamuswa, lakini baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alichukuliwa na chama akafanywa Katibu Kata, akapelekwa Bugwema, na sisi tukamfuata na kuku wetu. Rafiki yangu nilimkuta huko. Wao ni Wajaluo. Baba yake alikuwa analima pamba na mtama, ana ng'ombe, na boma lao lilikuwa peke yake juu ya kilima, mbali na watu. Mimi naona aibu kuongea, hata kujibu "nipo" mwalimu anapoita majina naona kama nimepiga kelele. Yeye aliongea kwa ajili yetu wote wawili. Hivyo ndivyo tulivyoishi tangu darasa la nne, na mimi niliona inatosha.

Jumamosi tunapata ruhusa ya kwenda mjini. Wenzetu wanakwenda sokoni kula samaki wa kukaanga au kuzurura ziwani. Sisi tunakwenda sinema. Tatizo ni kwamba picha za Kihindi zina urefu wa safari ya Mwanza, na sisi jioni lazima tuwe bwenini majina yakiitwa. Kwa hiyo hatujawahi kuona mwisho wa picha hata moja. Tunaondoka wakati adui ameshamkamata dada wa stelingi, mvua inanyesha, na watu wote ukumbini wamesimama juu ya viti wanampigia stelingi kelele ageuke nyuma. Sisi tunatoka kwenye jua la jioni tukipepesa macho kama bundi. Njiani tunamaliza picha wenyewe.

"Stelingi atakufa," rafiki yangu anasema.

"Stelingi hafi, we! Umeona wapi?"

"Huyu atakufa. Mama yake hajamtambua, si umeona? Akija kumtambua, keshakufa. Hapo ndo ukumbi mzima utalia."

"Sasa mtu alipe kiingilio aende kulia?"

"Omera, ndo maana wanalipa."

Omera ni ndugu, kwa lugha yao. Ananiitaga hivyo anapotaka kunishinda kwa upole.

Kwenye siasa ndiyo tunaachana kabisa. Yeye ni katibu wa Vijana hapo shuleni, na si kwa kujipendekeza kama wengine ninaowajua. Anaamini. Anapotuambia kwamba watu wakikaa pamoja watapata bomba la maji, zahanati na shule, unaona kabisa kwamba yeye bomba hilo ameshaliona, ameshakunywa. Mwaka jana tulipelekwa Butiama kwa lori kumshangilia mgeni wa kutoka nje. Tulisimama juani tangu asubuhi tumeshika matawi. Magari yakapita kwa kasi, tukapata vumbi. Yeye aliimba mpaka sauti ikakauka, siku mbili akawa anaongea kwa ishara. Mimi nilikuwa natikisa midomo tu. Siasa kwangu ni kusimama. Sina ubaya nayo, ila miguu inauma.

Sikumwambia hivyo, kwa sababu baba yangu ndiye siasa yenyewe kule kwetu.

Zamu ya kuhamia vijiji ilipofika Bugwema sisi tulikuwa shuleni. Tulijua itakuja. Rafiki yangu alikuwa ameshahutubia juu yake mara nyingi, na hata aliniambia kwamba kwao wakishuka kutoka kilimani mama yake hatakwenda tena mbali kuchota maji. Nilidhani hilo ndilo lililokuwa kichwani mwake Jumamosi ile tulipokuwa ukumbini na yeye hacheki. Kulikuwa na mzee mmoja kwenye picha anaanguka anguka na mtungi, ukumbi mzima unapasuka. Yeye ametazama mbele tu. Halafu akasimama, hata kabla ya muda wetu, akatoka. Nikamfuata.

Nje, ukutani kwenye kivuli, akaniambia. Alikuwa amekutana na baba yake mdogo, anayeleta samaki sokoni, ningu na sato. Kwao wameshahamishwa. Lori lilikuja, likabeba vitu, nyumba ya kilimani ikabomolewa, na vijana wa kazi wakawajengea nyumba nyingine kijijini kwenye mstari. Mama na wadogo zake wanalala kwa jirani. Baba yake amekataa kuingia. Analala nje chini ya ukuta wa nyumba yake mwenyewe, kwenye ngozi ya ng'ombe, na mvua zimeanza.

"Kwa nini?" nikauliza.

Akanitazama kama mtu anayepima kama mzigo huu nitauweza.

"Kwa sababu mimi sikuwepo."

Nilikaa nao miaka yote ile na sikulijua jambo hili, labda kwa sababu tangu nifike kwao hapakuwahi kuwa na mtu aliyehama. Kwao mwanaume akianzisha boma jipya haendi peke yake. Anatoka boma la zamani akiwa ameshika jogoo, mwanawe wa kwanza ameshika shoka, na mke amebeba moto wa jikoni kwake. Wanaingia hivyo pamoja, na usiku ule wote wanalala humo. Mzee akiingia bila mwanawe wa kwanza, huyo mtoto amefungiwa njia. Hatakuja kuwa na boma lake. Hata akijenga, litamshinda: watoto watamfia, au mke, au yeye mwenyewe. Wanaiita chira.

"Na wewe unaamini?" nikamwuliza. Nilimwuliza kwa sababu yeye ndiye anayetuhutubiaga kuhusu kuacha mambo ya kale.

"Sijui naamini au siamini," alisema. "Ila baba analala kwenye mvua kwa sababu yangu. Hilo silihitaji kuliamini."

Kisha akasema lililobaki, akitazama viatu vyake. Jumamosi inayofuata gari la sinema la serikali lingefika kijijini kuonyesha picha za vijiji vipya, na mgeni kutoka wilayani angekuwepo. Katibu Kata amesema hataki mgeni akute mtu amelala nje kama anagomea Ujamaa. Mzee akiwa bado nje siku hiyo, atachukuliwa na kuletwa Musoma kueleza vizuri.

Hakusema "baba yako". Alisema "Katibu Kata". Tulirudi shuleni mapema, na njiani hatukumaliza picha yoyote.

Jumatatu alikwenda kuomba ruhusa kwa Mkuu wa shule. Nilimsindikiza, nikasimama nyuma yake kama kawaida yangu.

"Nani kafa?" Mkuu aliuliza bila kuinua kichwa. Ruhusa ya kwenda nyumbani inatolewa kwa msiba tu.

"Hakuna aliyekufa, mwalimu."

"Nani anaumwa?"

"Hakuna, mwalimu. Ni baba yangu. Analala nje."

"Nje ya nini?"

"Ya nyumba."

"Nyumba ya nani?"

"Yake, mwalimu."

Mkuu akavua miwani. "Mama yako amemfukuza?"

"Hapana, mwalimu. Nyumba ni mpya. Ananingoja mimi niende nikashike shoka."

"Umkate nani?"

Mwalimu wa zamu, aliyekuwa mlangoni, akageuka ukutani akacheka. Rafiki yangu alijaribu kueleza, na mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwona anakosa maneno. Yeye! Alianza na jogoo, akaona jogoo hafai, akarudi kwenye shoka. Mkuu akamwambia kwamba amesikitika sana kumsikia katibu wa Vijana akizungumza mambo ya namna hiyo, arudi darasani.

Usiku ule nilimshauri aseme bibi yake amefariki. Wenzetu wote wanawaua bibi zao, kuna mmoja amemzika wa kwake karibu kila muhula. Akakataa.

"Bibi yangu yupo hai. Nimwue niende kuingia nyumba mpya? Hapo ndo nitakuwa nimeharibu kabisa."

Siku zikaenda. Hakuwa anakula vizuri. Shambani alikuwa anapalilia mstari mmoja anaurudia. Mkutano wa Vijana aliuendesha kwa kutusomea gazeti tu, na hakuna aliyelalamika kwa sababu ulikwisha mapema. Nilimtazama nikaona ndiyo hivi mtu anakuwa akichoka kama mimi, na sikufurahi kumpata mwenzangu.

Ijumaa nilikwenda kwa Mkuu peke yangu. Nilisimama nje ya mlango wake mpaka mwalimu mmoja akaniuliza kama nimetumwa kulinda. Nikaingia. Nilisema haraka, nikitazama kalenda ukutani, kwamba baba yangu ni Katibu Kata wa Bugwema, kwamba kesho gari la sinema linakuja kwenye kijiji kipya na mgeni wa wilaya, na kwamba itapendeza katibu wa Vijana wa shule akiwepo, na mimi nimsindikize.

"Sasa kwa nini hamkusema tangu mwanzo?" Mkuu alisema, na kalamu ilikuwa tayari mkononi.

Kila nililolisema lilikuwa kweli, ila baba yangu hakuwa ameomba kitu. Nilitoka nikiwa nimelowa jasho. Rafiki yangu aliposikia alinishika bega, akaniuliza, "Umeongea wewe? Kwa mdomo?"

Jumamosi tulipanda lori lililokuwa linakwenda kuchukua pamba, tukakaa juu ya magunia matupu. Tulifika alasiri jua limeanza kulala. Kijiji kipya kiko kwenye uwanda, nyumba zimepangwa kwa mstari kama madawati, hakuna mti, na ukisimama mwanzo wa mstari unaona nyumba zote zinafanana mpaka ya mwisho. Ya mwisho ndiyo ilikuwa yao. Mzee alikuwa chini ya ukuta, kwenye ngozi. Jogoo alikuwa amefungwa mguu kwenye kigingi, mwekundu, amenenepa kuliko mwenyewe.

Mzee alimwona mwanawe, hakusimama. Alimsalimu kama mtu aliyetoka kuchunga. Halafu akamwuliza kwa Kijaluo, ambacho mimi nakisikia ingawa kukiongea ni tabu: "Umekula?"

Mama yake alitoka kwa jirani mbio, ameshika chungu chenye majivu, na ndani yake makaa. Ule moto alikuwa ameutoa jikoni kwake kule kilimani siku ya lori na hakuuacha uzimike. Jirani alitusimulia dereva alivyopiga kelele: "Mama, gari hili lina petroli!" Na mama akamjibu, "Basi endesha polepole."

Wakati huohuo fundi wa sinema alikuwa anahangaika. Alikuwa kijana wa mjini amevaa bugaluu, suruali ambayo Vijana wa shuleni kwetu wangemchania hadharani. Nguzo za pazia lake zilikuwa zimevunjika njiani. Alitazama mstari wa nyumba, akaona ya mwisho inatazama uwanja, akaja na kamba akaanza kufunga lile pazia jeupe kwenye fito za paa, likashuka mpaka chini likafunika ukuta wa mbele wote, na mlango ukiwemo.

Hapo baba yangu akafika. Alikuwa amevaa suti yake ya chama, kola imeisha, macho mekundu ya vumbi na kukosa usingizi. Sikuwa nimemwona tangu likizo. Alikuwa amekonda.

"Nyie mmetoka wapi?" akasema.

"Shuleni, baba. Tumepewa ruhusa."

Akamtazama rafiki yangu, akamtazama mzee, akamtazama jogoo, na nikaona uso wake unafunguka kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Haya mzee, mwanao huyo kafika. Ingia basi. Mgeni yuko njiani."

Mzee akajibu kwa Kiswahili chake, polepole. "Katibu, mimi nikitoka hapa chini ya ukuta nikaingia hapo ndani, nimehama kutoka wapi?"

"Mzee wangu..."

"Mpaka nitoke kule."

Kule ni kilimani, kwenye mahame. Baba yangu akatazama jua. Nilijua anahesabu: mgeni, giza, sinema, mzee. Alipangusa uso kwa kiganja.

"Nendeni," alisema. "Lakini mrudi. Mzee, nakuomba kabisa, mrudi. Usiniache hapa na nyumba tupu mbele ya watu."

Wakapanda. Mimi sikuwa wa kuwemo, nilifuata kwa mbali. Kule juu palikuwa pamebaki mduara wa ukuta uliovunjika, mawe matatu ya jiko, na michongoma ya boma. Rafiki yangu alichomoa shoka kwenye gunia alilopewa na mama yake. Lilikuwa shoka la kawaida la kuni, mpini umefungwa waya. Mzee alisimama pale palipokuwa na mlango, jogoo kwapani, akatazama pande zote kama mtu anayehakikisha hajasahau kitu. Mzee akakohoa, akaanza kushuka, mwanawe nyuma yake, mama nyuma na chungu, wadogo nyuma ya mama.

Kushuka kulichukua muda. Mzee magoti yalikuwa yamekaza kwa kulala chini, na hakukubali kushikwa mkono. Tulipofika uwandani jua lilikuwa limezama, na picha imeanza.

Kijiji kizima kilikuwa kimekaa chini mbele ya ile nyumba. Mgeni alikuwa kwenye kiti, baba yangu amesimama pembeni yake na kipaza sauti. Pazia lilikuwa linang'aa, na juu yake watu wa mahali pengine, wasafi, walikuwa wanabeba mabua na miti, wanacheka. Familia ikasimama nyuma ya watu. Hapakuwa na njia nyingine. Mlango ulikuwa nyuma ya pazia, na mbele ya pazia ilikuwa picha.

Mzee akapita katikati ya watu. Alipoingia kwenye mwanga kivuli chake kikapanda kwenye pazia, kikubwa kuliko watu wote wa kwenye picha, na kivuli cha jogoo kikatikisa kichwa. Watoto wakaangua kicheko. "Jogoo! Jogoo wa sinema!" Fundi akapiga kelele, "Mzee, toka, unaharibu picha!" Lakini nyuma yake likaja shoka, na chungu chenye moshi, na wale watoto wadogo mmoja mmoja, na wale Wajaluo waliokaa upande wa kushoto wakaelewa wanachokiona, wakanyamaza, kisha mwanamke mmoja akapiga vigelegele.

Mgeni akainama akamwuliza baba yangu kitu. Baba yangu akainua kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Mnaona wenyewe! Mzee wetu aliyekuwa na mashaka, leo amekubali. Anaingia kijijini kwa hiari yake, na kijana wake msomi, katibu wa Vijana! Makofi!"

Makofi yakapigwa. Rafiki yangu alikuwa ameshafika pazia na mkono wake uko kwenye kitambaa. Alisimama. Alikuwa amegeuka kidogo, picha inapita usoni mwake, mabua na miguu ya watu. Mzee akamwuliza wanapiga makofi ya nini. Nilikuwa nimesogea karibu, nikasikia alivyojibu kwa Kijaluo.

"Wanakukaribisha, baba."

Akainua pazia. Wakaingia chini yake.

Baada ya muda baba yangu alinivuta kando. Mgeni amefurahi sana, anataka kijana aje aseme maneno machache kwenye kipaza sauti, kwa niaba ya vijana. "Kamwite mwenzako. Dakika tu."

Nikazunguka, nikapita chini ya pazia. Mlango haukuwa na ubao bado. Ndani walikuwa wamekaa sakafuni, moto umeshawekwa katikati ya mawe mapya, jogoo amefunguliwa anatembea. Pazia lilikuwa mbele yao kama ukuta wa mwanga, na picha ilikuwa inapenya. Waliiona kwa nyuma, maandishi yamepinduka, kila mtu kwenye picha anatumia mkono wa kushoto. Mzee alikuwa anatazama kwa makini.

"Hawa wanakwenda wapi?" alimwuliza mwanawe.

"Wanahamia kijijini, baba."

"Mbona wanacheka?"

Mzee akafikiri, halafu akajijibu mwenyewe.

"Labda mtoto wao mkubwa yupo."

Mama akacheka kidogo, akafuta jicho, ni moshi au si moshi. Mimi nilisimama mlangoni. Rafiki yangu akaniona, na akajua nimetumwa nini, maana nje kipaza sauti kilikuwa kinamwita kwa cheo chake. Ni kazi aliyoipenda kuliko zote, kusimama mbele ya watu na kusema. Shoka lilikuwa kwenye mapaja yake. Hakuniambia niende wala nikae.

"Hairuhusiwi kutoka mpaka asubuhi?" nikamwuliza.

"Hairuhusiwi."

Nikarudi. Nilimwambia baba hawezi kuja. Mgeni alikuwa pale pale, akanitazama, na ikanibidi niseme tena kwa sauti: "Hawezi kuja. Amelala kwao." Kisha akachukua kipaza sauti akasema mwenyewe yale maneno ya vijana, yote, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za pamba.

Nyumbani tulikula baadaye tukiwa wawili, mama alikuwa Nyamuswa kwa wazazi wake. Ugali na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kuchemsha. Baba alikula bila kuvua viatu.

"Kesho nitapeleka taarifa kwamba tatizo la yule mzee limekwisha, amekubali," alisema.

Sijui nilipata wapi mdomo. Labda mdomo ukishaanza hauwezi kuurudisha.

"Hakukubali, baba. Alikuwa anamngoja mwanae. Toka siku ya kwanza."

"Najua."

"Ulikuwa unajua?"

"Nimekaa na Wajaluo miaka mingapi? Najua jogoo, najua shoka." Alitoa mwiba mdomoni akauweka ukingoni mwa sahani. "Ningeandika nini wilayani? Mzee anamngoja mtoto na jogoo? Wangenicheka, halafu wangemfuata na polisi. Nikaandika ana mashaka. Mtu mwenye mashaka anapewa muda. Nikampa muda mpaka ukaniishia."

"Si ungetuma mtu shuleni amwite."

Akaacha kutafuna. Nikadhani amekasirika. Halafu akasema, "Hilo sikulifikiria," na nikaona kwamba ni kweli, kwamba katika mambo yote aliyokuwa anayafikiria, hilo dogo halikupata nafasi. "Kula. Unapoa."

Kesho yake tulipanda lori la kurudi, safari hii limejaa pamba, tukakaa juu kabisa. Rafiki yangu alikuwa na majivu kwenye kola ya shati. Nyumba zikaisha nyuma yetu. Nilikuwa najua lazima nimwambie, na nilikuwa nimechoka kabla ya kuanza.

"Baba alikuwa anajua," nikasema. "Ile mila. Tangu mwanzo. Anasema aliandika mzee ana mashaka ili wasimchukue."

"Alikuwa anajua?"

"Ndiyo."

"Na akasema vile kwenye kipaza sauti."

"Ndiyo."

Akageuka akatazama nyuma, ambako hapakuwa na kitu isipokuwa vumbi letu wenyewe. Nilingoja aseme. Mtu huyu anasemaga kila kitu, akigongwa kidole anahutubia. Tulipita daraja, tukapita watu wanaouza mihogo, dereva akasimama akanunua, akaondoka, naye bado hajasema. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa jua, nimeinamisha kichwa, sina pa kuweka mikono.

Karibu na Musoma akasogea, akabonyeza pamba kwa kiwiko mpaka pakapatikana shimo la mtu kukaa, upande wa kivuli.

"Sogea huku," alisema. "Jua linakuchoma."

Nikasogea. Hakunitazama, na bega lake lilikuwa limekaza, lakini hakuliondoa.